Kuhama au Kuhamishwa? Maoni Kuhusu Wito wa Warumi kwa Miungu wa Adui

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya dini ya Warumi wa kale ni ibada iliyojulikana kwa Kilatini kama evocatio. Jeshi la Roma likiwa limeuzingira mji wa adui, jemadari aliwaomba miungu walioulinda mji huo wawaache watu wao, watoke, waje Roma, ambako wangepewa hekalu na heshima sawa na ile waliyoizoea au hata kubwa zaidi. Ibada ikishakamilika, mji ulishambuliwa.

Maelezo yanayotolewa kuhusu ibada hii aghalabu ni ya aina mbili. Wapo wanaoiona kuwa ushahidi wa uvumilivu wa Warumi: taifa lililowafungulia milango miungu wa kila kabila, likawapa viti karibu na Jupiter wake. Wapo pia wanaoiona kuwa hila ya vita tu, uchawi wa kumvunja moyo adui na kumtia moyo askari. Makala haya yanapingana na maelezo yote mawili. Hoja yetu ni kwamba evocatio ilikuwa, kwanza kabisa, utaratibu wa kisheria ambao mshindi aliutumia ili ajipatie ruhusa. Heshima waliyopewa miungu ndiyo hasa iliyohalalisha maangamizi ya waliokuwa wakiwaabudu. Aidha, tunaamini kwamba mtafiti anayelieleza jambo hili kwa Kiswahili ana kifaa kizuri mkononi, kwa kuwa lugha hii haimruhusu kuandika sentensi moja juu yake bila kuamua kama miungu hao walihama au walihamishwa.

Tuanze na maneno ya ibada yenyewe. Chanzo chake kikuu ni Macrobius, mwandishi wa karne ya 5 B.K., katika kitabu cha tatu cha Saturnalia, sura ya 9. Macrobius anasema aliyakuta maneno hayo kwa Serenus Sammonicus, naye Sammonicus aliyatoa katika kitabu kikongwe cha mtu aitwaye Furius. Wataalamu wengi humtambua Furius huyu kuwa Lucius Furius Philus, konsuli wa mwaka 136 K.K., aliyekuwa rafiki wa Scipio Aemilianus, jemadari aliyeiangamiza Carthage mwaka 146 K.K. Silsila hii ya wapokezi ni ndefu, na msomaji mwangalifu ana haki ya kuitilia shaka. Hata hivyo, sala yenyewe ina sura ya lugha ya kisheria ya kale, yenye kurudiarudia na kuziba kila mwanya, ambayo si rahisi kudhani kwamba iliandikwa na mtunzi wa baadaye kwa ajili ya kujifurahisha.

Sala inamwelekea mungu ambaye watu na mji wa Carthage wamo katika ulinzi wake, awe wa kiume au wa kike. Jina halitajwi. Msemaji anarundika vitenzi vya kuomba na kunyenyekea, kisha anaorodhesha anachokitaka: miungu wawaache watu hao na mji wao, waziache sehemu zao takatifu, mahekalu yao na ibada zao, wawatie watu wale hofu, fadhaa na usahaulifu, waje Roma kwa jemadari na watu wake, wazione sehemu na ibada za Warumi kuwa zinapendeza zaidi, wawe walinzi wa jemadari, wa watu wa Roma na wa askari, kwa namna ambayo Warumi watajua na kuelewa. Mwisho huja nadhiri: wakiyatenda hayo, watajengewa mahekalu na kuandaliwa michezo. Baada ya hapo wanyama walichinjwa na matumbo yao yakakaguliwa ili jibu lijulikane.

Yeyote aliyewahi kusoma hati ya mauziano ataitambua sura hii. Wamo wahusika, imo mali, yamo masharti, na bei imetajwa. Kinachoshangaza ni nafasi ya watu wa Carthage ndani ya hati hiyo. Wao si wahusika. Wanatajwa mara kwa mara, lakini daima kama kitu kinachoachwa. Tena wanaombewa usahaulifu, neno ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili. Hofu na fadhaa ni silaha za kawaida za vita. Usahaulifu ni jambo jingine. Aliyesahaulishwa hawezi kuita, na mungu aliyeondoka hataitwa tena arudi.

Sababu ya ibada hii imeelezwa na Macrobius mwenyewe, na maelezo yake ndiyo msingi wa hoja yetu. Anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Warumi waliamini mji haungeweza kutekwa maadamu mlinzi wake yumo. Ya pili ni kwamba, hata kama ungeweza kutekwa, waliona kuwa ni mwiko kuwafanya miungu mateka. Sababu ya kwanza ni ya kivita, na wafuasi wa nadharia ya hila huishikilia hiyo peke yake. Sababu ya pili ni ya kisheria. Katika sheria ya vita ya wakati ule, mji uliotekwa kwa nguvu ulikuwa ngawira pamoja na vyote vilivyomo: watu, wanyama, nafaka, vyombo. Sasa, sanamu iliyo hekaluni ingehesabiwaje? Ikiwa ngawira, Warumi wangekuwa wamemteka mungu, na hatia hiyo ingewarudia. Evocatio ililitatua tatizo hilo kabla halijatokea. Mungu akitoka kwa hiari yake, kinachobaki ndani ya kuta hakina ulinzi wala utakatifu, na mshindi anaweza kukifanya apendavyo. Si ajabu basi kwamba Macrobius, mara baada ya sala hii, anatoa sala ya pili, ile ya kuukabidhi mji wenyewe pamoja na watu wake kwa nguvu za kuzimu, kwa ahadi ya kondoo watatu weusi. Sala ya kwanza iliisafishia njia sala ya pili. Kuzisoma mbalimbali, kama inavyofanyika mara nyingi, ni sawa na kusoma ukurasa mmoja wa hati yenye kurasa mbili.

Mfano mashuhuri kupita yote ni ule wa Veii, mji wa Waetruski uliokuwa kiasi cha kilomita 15 kaskazini ya Roma, ambao kwa mapokeo ulitekwa na Camillus mwaka 396 K.K. baada ya kuzingirwa kwa miaka kumi. Livy, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema kwamba kabla ya shambulio la mwisho Camillus alimwomba Juno Malkia, mlinzi wa Veii, awafuate washindi hadi Roma. Mji ukatekwa. Watu walioponea upanga wakauzwa. Ndipo vijana waliochaguliwa jeshini wakaoga, wakavaa nguo nyeupe, wakaingia hekaluni kwa adabu kumchukua mungu huyo. Mwanzoni walisita kumgusa, kwani kwa desturi ya Waetruski hakuna aliyeruhusiwa kuigusa sanamu ile isipokuwa kuhani wa ukoo fulani. Kijana mmoja, ama kwa kuvuviwa ama kwa mzaha wa ujana, akamwuliza Juno kama anataka kwenda Roma. Wenzake wakapaza sauti kwamba ametikisa kichwa kukubali. Inasemekana sanamu ilikuwa nyepesi kubebwa, kana kwamba inafuata yenyewe. Camillus akaizindulia hekalu juu ya kilima cha Aventine mwaka 392 K.K.

Msomaji ataona jinsi Livy alivyo mwaminifu katika mashaka yake. Hafichi uwezekano wa mzaha. Anatenganisha alichokipokea na kilichoongezwa juu yake baadaye. Plutarch, anayeirudia habari hii katika maisha ya Camillus, anamnukuu Livy vingine kabisa: eti Camillus mwenyewe aliishika sanamu akaomba, na waliokuwapo ndio waliojibu kwa niaba ya Juno kwamba yu radhi. Si hivyo alivyoandika Livy. Lakini kosa hilo lina faida kwetu, kwa sababu linasema waziwazi kile ambacho hadithi yenyewe inakizunguka: ridhaa ya Juno ilitamkwa na askari wa Roma. Tena swali liliulizwa wakati gani? Liliulizwa mji ukiwa tayari umetekwa na wenyewe wakiwa wamekwisha kuuzwa. Kuhani wa ukoo ule, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuigusa sanamu na ambaye angeweza kusema kama mungu wake amekubali au la, hatajwi tena.

Ikiwa Veii ni habari ya kale mno, tuutazame mji wa Carthage, ambako hadithi inagongana na ushahidi. Servius, mfafanuzi wa Virgil, anasema kwamba katika vita vya tatu baina ya Roma na Carthage Juno wa mji huo alihamishiwa Roma na Scipio. Juno huyo kwa watu wa Carthage aliitwa Tanit, na baadaye Warumi walimwita Caelestis, yaani wa mbinguni. Sala iliahidi mahekalu. Yako wapi? Hakuna hekalu lake lolote la wakati ule lijulikanalo mjini Roma. Badala yake, Gaius Gracchus alipojaribu kuanzisha makazi ya Warumi palepale Carthage mwaka 122 K.K., makazi hayo yalipewa jina la Junonia, kana kwamba mwenyewe hakuondoka. Katika karne zilizofuata Caelestis aliabudiwa kote katika Afrika ya Kaskazini. Augustino, aliyesoma Carthage katika ujana wake, anakumbuka kuyaona maonyesho ya sherehe zake kwa macho yake. Na mfalme Elagabalus, aliyetawala kati ya 218 na 222 B.K., aliagiza sanamu ya mungu huyo iletwe kutoka Carthage hadi Roma ili aiozeshe kwa mungu wake mwenyewe wa Syria. Kama Juno wa Carthage alikuwa amekwisha kuhamia Roma mwaka 146 K.K., ni nani aliyesafirishwa zaidi ya miaka 360 baadaye?

Kwa upande mwingine, Appian, anayesimulia kwa urefu siku za mwisho za Carthage, anaeleza jinsi askari wa Roma walivyoingia katika hekalu la Apollo wakaikatakata dhahabu yake kwa panga zao, na jinsi watu 50,000 walivyotoka ngomeni wakiomba waachiwe uhai tu. Hayo ndiyo yaliyotokea mahali ambapo, kwa mujibu wa sala, miungu walikuwa wameondoka kwa hiari.

Kuna ushahidi mmoja ambao haukutoka katika vitabu. Mwaka 1970 yaligunduliwa maandishi ya Kilatini juu ya jiwe katika nchi ya milima ya kusini ya Uturuki, nayo yakachapishwa mwaka 1973. Ni ya jemadari Servilius, aliyeuteka mji wa Isaura ya Kale mnamo mwaka 75 K.K. Kwa maneno machache jiwe linataja kwamba maadui wameshindwa, mji umetekwa, mateka wameuzwa. Na kwamba jemadari ameitimiza nadhiri yake kwa mungu, awe wa kiume au wa kike, ambaye mji ulikuwa katika ulinzi wake. Wataalamu wanajadiliana iwapo hii ni evocatio kamili, kwani inaonekana mungu huyo hakupelekwa Roma bali alipewa haki yake hapohapo. Mjadala huo ni muhimu kwa historia ya taratibu. Kwetu sisi kilicho muhimu zaidi ni mfuatano wa mambo juu ya jiwe lenyewe. Kuuza watu na kumlipa mungu wao vimeandikwa katika pumzi moja, bila haya na bila kiunganishi chochote cha kuonyesha mgongano. Mwandishi hakuona mgongano. Mungu alitendewa kwa uaminifu wa mkataba hadi mwisho, na waliomwabudu walipelekwa mnadani.

Nadharia ya uvumilivu inasema nini mbele ya jiwe hili? Itajibiwa, bila shaka, kwamba kumheshimu mungu wa kigeni ni hatua moja mbele ya kumvunjavunja, kama walivyofanya wengine. Hatukatai. Lakini uvumilivu ni tabia ya kumwacha mtu aabudu akipendacho, ilhali hapa anayeachwa bila cha kuabudu ni mtu mwenyewe. Isitoshe, wapo mashahidi ambao hawawezi kushukiwa kuwa na chuki na Roma, nao ni Warumi. Kama kweli waliamini kwamba kuitiwa mungu wako ni heshima, wangeilinda siri ya mungu wao kwa nini? Pliny, akimfuata Verrius Flaccus, anasema kwamba jina la mungu mlinzi wa Roma lilifichwa ili maadui wasije wakafanya vivyo hivyo. Servius anataja ngao iliyowekwa Capitol kwa ajili ya roho mlinzi wa mji, ambayo nayo ilikwepa kusema kama huyo ni wa kiume au wa kike. Palikuwapo na mungu aitwaye Angerona, aliyeadhimishwa tarehe 21 Desemba, ambaye sanamu yake ilikuwa na kinywa kilichofungwa na kupigwa muhuri. Pliny anamhusisha na siri hiyohiyo. Na Valerius wa Sora, msomi aliyeuawa mwaka 82 K.K., inasemekana aliadhibiwa kwa kulitamka jina la siri. Sisi tunadhani aliuawa zaidi kwa kuwa upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini kwamba watu waliona sababu hiyo ya pili inaaminika ni jambo la kuzingatiwa. Warumi walijua fika maana ya kuitiwa mlinzi wako. Hata watu wa Tiro, walipozingirwa na Iskanda mwaka 332 K.K., waliifunga sanamu ya Apollo kwa minyororo wasije wakaachwa.

Juu ya nadharia ya uchawi hatutasema mengi. Udhaifu wake ni kwamba hutumiwa kwa upendeleo. Jambo hilohilo likifanywa na konsuli huitwa dini ya dola, na likifanywa na mzee wa kijiji cha Kiafrika huitwa ushirikina. Ama yote mawili ni dini, ama yote mawili ni uchawi. Mwandishi achague, kisha ashikamane na chaguo lake.

Sasa tuligeukie suala la istilahi, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili si suala dogo. Wanafunzi wetu wengi hukutana na evocatio kupitia Kiingereza, na wakiitafsiri hutumia mojawapo ya njia tatu. Wengine husema kuita miungu. Lakini kuita ndiko kunakofanywa na kila mwenye kuabudu, na tofauti nzima inapotea. Wengine husema kupunga, kwa kufikiria uganga wa pepo wa pwani. Ulinganifu upo: pepo huulizwa jina lake na anachokitaka, naye huahidiwa. Lakini katika kupunga yuko mgonjwa, na majadiliano yote yanafanywa ili apate nafuu. Katika evocatio anayebebwa na mungu ni mji, na lengo ni mji ufe. Wengine tena, wenye ulimi mkali, wangependelea utoroshaji wa miungu. Neno hili linatuvutia, kwa kuwa kutorosha ni kumshawishi aliye wa mwingine aondoke bila mwenyewe kujua, na hivyo ndivyo Livy anavyowaeleza watu wa Veii: hawakujua kwamba miungu wao wamekwisha kuitwa. Kasoro yake ni kwamba linatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Istilahi nzuri huutaja utendaji kama watendaji walivyouelewa, na hukumu huachiwa uchambuzi. Kwa hiyo tunapendekeza wito wa kuhama. Warumi walidai kwamba mungu anahama. Na istilahi iseme hivyo. Lakini katika uchambuzi wetu, kila tuandikapo kwamba Juno alihamia Roma tuwe tumejiuliza kwanza ni nani aliyesema hivyo, na pale ambapo aliyesema ni mbebaji wa sanamu, kauli ya kutendwa ndiyo sahihi: Juno alihamishwa.

Yapo mambo mengine mawili ya lugha. Kilatini hutenganisha mungu wa kiume na wa kike kwa umbo la neno, na tahadhari ya sala inategemea utengano huo. Kiswahili hakina haja nao. Mfasiri anayeandika mungu au mungu wa kike amekwisha kumfanya mungu wa kwanza kuwa mwanamume bila kutaka. Afadhali aseme wewe uliye mlinzi, yeyote uliye, na aeleze kando utengano wa Kilatini. La pili ni upatanisho wa kisarufi. Tunayumba baina ya miungu ya na miungu wa. Katika makala haya tumetumia miungu wa, kwa kuwa wale walioomba kwa maneno yale walikuwa wakizungumza na nafsi zenye hiari, au walitaka ionekane hivyo.

Hata hivyo Warumi wenyewe hawakuweza daima kuilinda tofauti hiyo. Chini ya kilima cha Caelius palikuwa na hekalu dogo la Minerva aliyeitwa Capta. Ovid, katika kitabu chake cha sikukuu za Roma, anatoa maelezo kadhaa ya jina hilo: huenda linatokana na neno la Kilatini la kichwa, kwa kuwa Minerva ni mungu wa akili au kwa kuwa alizaliwa katika kichwa cha baba yake, huenda linahusu adhabu ya kifo kwa mwizi wa hekalu lile. Lakini anataja pia kwamba Minerva huyo aliletwa Roma baada ya kushindwa kwa Falerii, mji ulioangushwa mwaka 241 K.K., na kwamba maandishi ya kale yanathibitisha hivyo. Kwa maelezo hayo, maana ya Capta ni mateka.